Alfred Kinsey na Asilimia 10 Iliyovuliwa Masharti Yake

Kila mwaka nisahihishapo insha za wanafunzi wangu wa isimujamii, hukutana na sentensi moja ambayo sasa naitambua kwa mbali, kama mtu amtambuavyo jirani kwa mwendo wake. Sentensi yenyewe husema kwamba katika kila watu kumi duniani mmoja ni shoga, na kwamba jambo hili lilithibitishwa zamani na mtaalamu Mmarekani aitwaye Kinsey. Wapo wanaoiandika ili kutetea haki za watu hao, na wapo wanaoiandika kwa hofu, kana kwamba wanatangaza kuja kwa nzige. Nikiwaita ofisini na kuwauliza ni kitabu gani walichokisoma, ukurasa wa ngapi, huinamisha vichwa. Siwalaumu sana, maana hata baadhi yetu tunaowafundisha tumeikariri sentensi hiyo vivyo hivyo bila kujua ilikotoka.

Kwa hiyo leo nimeonelea niwasimulie maisha ya Kinsey mwenyewe. Mada hii huwafanya watu wengi wafunge masikio kabla hoja haijaanza, lakini naomba mwalimu na mwanafunzi anayesoma safu hii anivumilie. Swali ninalolishughulikia ni la kitaaluma: jambo ambalo watu hulificha huhesabiwaje?

Alfred Charles Kinsey alizaliwa tarehe 23 Juni 1894 mjini Hoboken, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson ukitazamana na New York. Baba yake alifundisha katika chuo cha ufundi cha Stevens hapo mjini, na alikuwa Mmethodisti wa msimamo mkali ambaye nyumbani mwake siku ya Jumapili ilikuwa ya kanisa na sala tu. Mtoto alikuwa mgonjwa mgonjwa. Homa ya baridi yabisi, matege na homa ya matumbo vilimwandama, na udhaifu wa moyo uliotokana na maradhi hayo aliishi nao hadi kaburini. Aliponea msituni. Alijiunga na maskauti, akazoea kutembea porini akikusanya mimea na kusikiliza ndege, na mwaka 1913 akafikia daraja la juu kabisa la uskauti nchini mwake.

Baba alitaka mwanawe awe mhandisi. Kijana akavumilia miaka miwili katika chuo hicho cha Stevens, kisha mwaka 1914 akakataa, akaenda zake chuo cha Bowdoin katika jimbo la Maine kusomea elimu ya viumbe na saikolojia. Uhusiano wake na baba haukupona tena. Mwaka 1916 alihitimu kwa sifa, akaingia Harvard, na mwaka 1919 akapata shahada ya udaktari.

Utafiti wake wa udaktari ulihusu nyigu. Nyigu hawa si wale wanaotufukuza shambani. Ni wadudu wadogo mno, wengine hawazidi chungu kwa ukubwa, ambao hutaga mayai katika majani na vitawi vya mialoni, na mti ukaota kivimbe ambamo funza hulelewa. Mwaka 1920 Kinsey aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Indiana, katika mji mdogo wa Bloomington, na kwa muda wa karibu miaka ishirini iliyofuata kazi yake kuu ikawa kuwakusanya wadudu hao. Alivuka majimbo mengi ya Marekani, akafika Mexico na Guatemala, akirudi na magunia ya vivimbe. Aliwapima chini ya hadubini mmoja mmoja, akaandika vipimo vyao kwa herufi ndogo kama punje za mchele. Vitabu vyake viwili kuhusu nyigu vilitoka mwaka 1930 na 1936. Mkusanyiko huo, ambao ni wa mamilioni, uko hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe mjini New York.

Nimewakawilia hawa nyigu makusudi. Watu wengi waandikapo kuhusu Kinsey huwaruka ili wafike upesi kwenye habari za kitandani, na hapo ndipo wanapompoteza. Kwa kuwapima nyigu wengi kiasi hicho aligundua jambo ambalo wenzake waliokuwa na vielelezo kumi au ishirini hawakuliona: kwamba ndani ya aina moja ya mdudu hakuna wawili wanaofanana sawasawa, na kwamba mipaka ambayo wataalamu waliichora kati ya kundi na kundi mara nyingi ilikuwa ya kalamu tu. Ukiwa na vielelezo vichache unaona makundi mawili yaliyo dhahiri. Ukiwa na maelfu, katikati hujaa. Mtu huyu hakupata tena kuamini kundi lolote lililowekewa ukuta, awe mdudu au binadamu.

Mwaka 1921 alimwoa Clara McMillen, mwanafunzi wa kemia katika chuo hichohicho. Walijaliwa watoto wanne, na mtoto wao wa kwanza akafariki kabla ya kutimiza miaka mitano kwa ugonjwa wa kisukari. Kinsey alikuwa mtunza bustani hodari, mpenzi wa muziki wa santuri, na mwalimu ambaye kitabu chake cha kiada cha elimu ya viumbe, kilichotoka mwaka 1926, kilisomwa katika shule nyingi za sekondari nchini mwake. Angalifariki mwaka 1937, mimi na wewe tusingalimjua.

Mwaka 1938 chuo kilianzisha kozi kuhusu ndoa kwa wanafunzi waliooa au waliokaribia kuoa, naye Kinsey akapewa kuiongoza. Wanafunzi walimjia baada ya mihadhara wakiwa na maswali. Je, jambo hili ni la kawaida? Je, mimi peke yangu ndiye niliye hivi? Kinsey alifungua vitabu vilivyokuwapo akitafuta majibu, akakuta maoni ya waganga waliowaona wagonjwa wachache, na nasaha za viongozi wa dini zilizovikwa kanzu ya sayansi. Hakuna aliyekuwa amehesabu. Akafanya kama alivyofanya kwa nyigu, akaanza kukusanya. Wachungaji wa mji na madaktari wakalalamika, na mwaka 1940 rais wa chuo, Herman Wells, akamtaka achague kati ya kozi na utafiti. Akachagua utafiti. Tangu mwaka 1941 alipata fedha kutoka kwa kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti, fedha zilizotoka kwa Wakfu wa Rockefeller, na mwaka 1947 akaanzisha taasisi yake pale Bloomington.

Mbinu yake ya kuhoji ndiyo iliyonivutia mimi, mtu wa isimu, kuliko takwimu zake zote. Hakutumia hojaji ya kuandikwa. Mhoji alikariri maswali mamia kadhaa, akamkabili mhojiwa ana kwa ana, macho kwa macho, na majibu akayaandika katika karatasi moja kwa alama za siri ambazo ufunguo wake ulikaa vichwani mwa wahoji wachache. Alihimiza wasaidizi wake wajifunze maneno ya mtu wanayemhoji: mfanyakazi wa bandarini asiulizwe kwa istilahi za daktari, naye daktari asiulizwe kwa lugha ya bandarini. Na juu ya yote, hakumwuliza mtu kama amewahi kufanya jambo fulani. Alimwuliza alilifanya mara ya kwanza akiwa na umri gani. Kwa kuuliza hivyo mzigo wa kukana ulimwangukia mhojiwa, na uso wa mhoji haukuonyesha kushangaa.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hili kwa aibu. Nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu nilizunguka katika shule kadhaa za Nairobi nikichunguza lugha wanayoitumia vijana. Katika shule moja niligawa hojaji darasani, mwalimu wao akiwa amesimama mlangoni mikono nyuma. Karibu wote wakaandika kwamba wanazungumza Kiswahili na Kiingereza, na waliotaja Sheng walihesabika kwa vidole. Kengele ikalia, wakatoka uwanjani, nami nikawafuata na makaratasi yangu kwapani. Sikusikia neno lingine ila Sheng tupu. Hojaji ile ilikuwa imepima jinsi wanafunzi wanavyomwogopa mwalimu, wala si lugha yao. Nililazimika kuitupa kazi ya wiki tatu. Ikiwa Sheng, ambayo haimpeleki mtu jela wala kumfukuzisha nyumbani, hufichwa kiasi hicho, itakuwaje kwa jambo ambalo hupeleka?

Kitabu cha kwanza cha Kinsey, alichokiandika na Wardell Pomeroy na Clyde Martin kuhusu wanaume, kilitoka Januari 1948. Mchapishaji alikuwa wa vitabu vya udaktari mjini Philadelphia, kurasa zilikuwa zaidi ya 800, majedwali yalijaa kila mahali, na bado watu walikipigania madukani. Kilitegemea mahojiano ya wanaume wapatao 5,300. Humo ndimo zilimo takwimu zetu, nami nitaziandika kwa utaratibu, kwa sababu kosa lote la ile sentensi ya wanafunzi wangu linatokana na kuzisoma kwa haraka.

Kinsey aliandika kwamba asilimia 37 ya wanaume wa sampuli yake walikuwa wamefanya, angalau mara moja tangu kubaleghe, tendo la ngono na mwanamume mwenzao hadi kufikia kilele. Aliandika kwamba asilimia 10 walikuwa, kwa muda usiopungua miaka mitatu kati ya umri wa miaka 16 na 55, wakielekea kwa wanaume wenzao peke yao au karibu peke yao. Na akaandika kwamba waliokuwa hivyo kikamilifu, tangu ujana hadi siku ya kuhojiwa, walikuwa asilimia 4. Takwimu zote tatu zimo katika kitabu kimoja, zinatokana na watu walewale, wala hazigombani, maana zinajibu maswali matatu tofauti.

Tazama basi jinsi ile asilimia 10 ilivyovuliwa nguo zake njiani. Sharti la miaka mitatu limeanguka. Sharti la umri limeanguka. Wanaume wamegeuka kuwa watu wote, ilhali kitabu chake cha wanawake kilichotoka mwaka 1953, kikiwa na mahojiano ya wanawake 5,940, kilitoa viwango vya chini zaidi: asilimia 13 waliofikia kilele na mwanamke mwenzao kabla ya umri wa miaka 45, dhidi ya ile 37 ya wanaume. Tena watu wa vitabu vyote viwili walikuwa Wamarekani weupe. Kinsey aliwahoji Wamarekani weusi pia, lakini aliwaacha nje ya hesabu zilizochapishwa. Sijui basi kijana wa Kakamega anayeandika kwamba Kinsey alithibitisha habari za dunia nzima ameipata wapi dunia hiyo.

Na kuna neno dogo lililo zito kuliko masharti yote hayo, nalo ni kitenzi kishirikishi. Sentensi husema mmoja kati ya kumi NI shoga. Kinsey hakuhesabu alivyo mtu. Alihesabu alichotenda mtu na alichokitamani. Kwa ajili hiyo alibuni kipimo chenye madaraja kutoka 0 hadi 6, ambapo sifuri ni anayevutiwa na jinsia ya pili peke yake, sita ni anayevutiwa na jinsia yake peke yake, na katikati ni wale wote ambao maisha yao yalikuwa na mchanganyiko. Alishikilia kwamba jina hilo linafaa kuitwa tendo na halifai kuitwa mtu. Hapo namwona tena yule mtu wa nyigu, akikataa kuchora ukuta mahali ambapo darubini inamwonyesha mteremko.

Sisi wenye Kiswahili tunao ushahidi wetu kwamba jambo hili si upuuzi wa wasomi. Neno shoga, mwanamke wa Mombasa akimwita mwanamke mwenziwe, ni rafiki wa chanda na pete. Likielekezwa kwa mwanamume huwa jambo jingine kabisa. Na yule mwanamume wa upande wa pili wa uhusiano huo ana jina lake tofauti, basha, kama vile wanawake nao walivyopewa la kwao, wasagaji. Mwulize anayeitwa basha iwapo yeye ni shoga, atakukania kwa kiapo, wala hatakuwa amesema uongo, kwa kuwa lugha yake imemtenga na neno hilo. Mtafiti atakayekuja pwani na hojaji yenye neno moja tu atarudi na takwimu ya neno hilo.

Sasa niwape haki wapinzani wa Kinsey, kwani nao walikuwa na hoja nzito. Sampuli yake haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Alimhoji aliyekubali kuhojiwa, na rafiki wa rafiki, na vilabu vizima, na mabweni mazima. Wasomi na vijana walikuwa wengi kupita kiasi, watu wa Indiana na majimbo jirani vilevile, na kati ya wanaume wasiofika chuo kikuu sehemu kubwa walikuwa wamepitia magereza, mahali ambapo wanaume huishi bila wanawake. Aidha alitafuta kwa bidii marafiki katika vikundi vya wapenda jinsia moja vya Chicago na kwingineko. Mwanasaikolojia Abraham Maslow alionyesha mapema kwamba wanaojitolea kusimulia mambo ya unyumba huwa wana ujasiri kuliko wenzao na wametenda mengi zaidi.

Mwaka 1950 Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kiliwatuma Bloomington watu watatu mashuhuri katika fani yao, William Cochran, Frederick Mosteller na John Tukey. Ripoti yao kamili ilichapishwa mwaka 1954. Walikiri kwamba kazi ya Kinsey iliizidi kwa mbali kila kazi iliyotangulia, kisha wakasema kwamba kwa sampuli ya namna ile haiwezekani kuyatoa matokeo yake kwa watu aliowahoji na kuyapachika kwa taifa zima. Walimshauri ajaribu angalau sampuli ndogo ya bahati nasibu ili ajisahihishe. Kinsey alijibu kwamba mtu aliyeokotwa kwa kura angefunga mlango, na kwamba wanaokataa ndio wenye mengi ya kuficha. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli. Ila Kinsey alikuwa na kiburi cha mkusanyaji: aliamini kwamba wingi ungetibu kasoro ya uchaguzi, na wingi hautibu. Alikusudia kuhoji watu 100,000. Hata angewafikisha, mwelekeo wa sampuli ungebaki palepale.

Zipo na lawama zisizohusu takwimu. Katika kitabu cha 1948 kuna majedwali kuhusu watoto, na mwaka 1995 mkurugenzi wa taasisi, John Bancroft, alieleza kwamba habari zake zilitoka katika kumbukumbu za mtu mmoja tu, mtu ambaye alikuwa amewadhulumu watoto hao. Kinsey alizichukua na kuzichapisha kama data. Sioni udhuru wa jambo hilo, na mwalimu anayemfundisha Kinsey darasani asilifiche. Wanahistoria wa maisha yake walioandika mwishoni mwa miaka ya 1990 walionyesha pia kwamba Kinsey mwenyewe, mume na baba, alikuwa na mahusiano na wanaume, jambo alilolificha hadharani maisha yake yote. Wapinzani husema hilo limeharibu utafiti. Mimi husema limetuongezea mfano: endapo mhesabu wa watu angekuja Bloomington mwaka 1945 akabisha mlangoni na kuuliza, Kinsey angeandikwa katika safu gani?

Kitabu cha wanawake ndicho kilichomvunja. Picha yake ilitokea katika jalada la gazeti la Time mnamo Agosti 1953, lakini sifa na ghadhabu zilikuja katika gari moja. Wachungaji walikihubiri kitabu hicho vibaya kutoka mimbari hadi mimbari, na wanasiasa wa enzi ile ya kuwasaka wakomunisti wakaona kwamba kudhoofisha ndoa ya Kimarekani ni kumsaidia adui. Kamati ya bunge iliyoongozwa na Carroll Reece ilianza kuchunguza wakfu zilizofadhili tafiti za namna hiyo, na mwaka 1954 Rockefeller wakaacha kumfadhili. Idara ya forodha nayo ilikuwa imezuia vitabu na picha alizoziagiza kwa ajili ya maktaba ya taasisi, na kesi hiyo ilimla fedha na usingizi. Alizunguka akiomba wafadhili, akarudi mikono mitupu, huku ule moyo wa utotoni ukimchoka. Alifariki Bloomington tarehe 25 Agosti 1956, akiwa na umri wa miaka 62. Mahojiano yote yaliyokusanywa na taasisi yake yalikuwa yamefika kama 18,000, naye mwenyewe alikuwa amefanya karibu 8,000 kati ya hayo. Kesi ya forodha taasisi ilishinda mwaka uliofuata.

Ile asilimia 10 haikufa naye. Katika miaka ya 1970 Bruce Voeller, mwanasayansi na mtetezi wa haki za wapenda jinsia moja nchini Marekani, alichukua takwimu za Kinsey za wanaume na za wanawake, akapata wastani uliokaribia 10, akaitangaza bila kuchoka. Yeye mwenyewe alikuja kueleza baadaye jinsi alivyofanya. Namwelewa. Watu wake walikuwa wakiambiwa kwamba ni wachache mno hata hawastahili kusikilizwa, na takwimu ilikuwa jiwe lililokuwa karibu na mkono. Lakini mahali hapo ndipo namba ilipotoka maabara ikaingia uwanja wa siasa, na huko inarushwa hadi leo na pande zote mbili.

Waliomfuata Kinsey walifanya kile alichokataa kufanya. Nchini Marekani timu ya Edward Laumann wa Chuo Kikuu cha Chicago ilihoji mwaka 1992 watu 3,432 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, baada ya fedha za serikali kuzuiwa na wakfu binafsi kuingilia kati. Nchini Uingereza serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kugharamia utafiti kama huo mwaka 1989, ukagharamiwa na Wellcome, na watu 18,876 wakahojiwa. Utasema historia ya Kinsey ilikuwa ikirudiwa neno kwa neno.

Matokeo ya Laumann, yaliyotoka mwaka 1994, nimeyaandika ubaoni mara nyingi. Wanaume waliojitambulisha kuwa wapenda jinsia moja au jinsia zote mbili walikuwa asilimia 2.8, wanawake 1.4. Magazeti yakatangaza kwamba Kinsey ameumbuka. Lakini utafiti huohuo uliuliza pia kuhusu tendo na kuhusu matamanio, na waliojibu ndiyo katika lolote kati ya hayo matatu walikuwa asilimia 10.1 ya wanaume na 8.6 ya wanawake. Mwanafunzi mmoja aliniuliza ipi kati ya hizo ni takwimu ya kweli. Nikamwambia anieleze kwanza swali, ndipo nimpe takwimu yake.

Na swali lenyewe lina uso. Mwaka 1995 vijana wa kiume wa Marekani wenye umri wa miaka 15 hadi 19 waliulizwa kuhusu tendo hili kwa njia mbili. Wale waliojaza karatasi waliokubali walikuwa asilimia 1.5. Wale waliosikiliza swali katika visikizi na kujibu kwa kubonyeza kompyuta, bila mtu yeyote kuona, walikuwa asilimia 5.5. Vijana walikuwa wa nchi ileile na umri uleule, na kilichobadilika kilikuwa faragha tu. Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales swali liliulizwa kwa hiari kwa wenye umri wa miaka 16 na zaidi, nao asilimia 3.2 wakajitambulisha kuwa wapenda jinsia moja, au zote mbili, au mwelekeo mwingine. Waliokataa kujibu walikuwa asilimia 7.5. Kila mtu alitangaza ile 3.2. Mimi jicho langu lilibaki kwenye 7.5.

Marekani nako, shirika la Gallup limekuwa likiuliza mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2012 waliojitambulisha kuwa wapenda jinsia moja, au zote mbili, au waliobadili jinsia walikuwa asilimia 3.5 ya watu wazima. Mwaka 2024 walikuwa 9.3, na zaidi ya nusu yao walisema wanavutiwa na jinsia zote mbili. Hakuna maumbile ya binadamu yanayobadilika hivyo katika miaka kumi na miwili. Kinachobadilika ni gharama ya kusema, na majina yaliyopo ya kusemea.

Kwetu Kenya vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vingali vinatumika, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Cha kwanza kinaweza kumfunga mtu miaka kumi na minne. Anayesema kwamba huku jambo hili halipo kwa sababu hakuna aliyekiri, na anayesema kwamba tuko mmoja kati ya kumi kwa sababu Kinsey alisema, wote wawili wananikumbusha ile hojaji yangu na yule mwalimu mlangoni. Haki za raia haziongezeki akiwa mmoja kati ya kumi wala hazipungui akiwa mmoja kati ya mia, kwa hiyo sioni sababu ya kuipotosha hesabu kwa ajili ya kuzitetea au kuzinyima. Wanafunzi wangu siku hizi nawataka, kabla hawajaitaja asilimia yoyote, waandike aliyeulizwa, alivyoulizwa, na neno alilotumiwa. Insha zimekuwa fupi kidogo.

Karatasi za alama za siri bado zimehifadhiwa Bloomington, katika taasisi ambayo sasa ina jina la Kinsey. Mwaka 2023 wabunge wa jimbo la Indiana walipitisha sheria ya bajeti inayozuia fedha za umma za jimbo zisitumike kuigharamia.